Sura ya 6: Cheche Kwenye Ncha ya Kidole

Kagua mashine ya kuweka kidole, ile inayofungwa ukutani langoni mwa kiwanda cha chai au kuwekwa mezani kwenye mapokezi ya hospitali, na utaona kwamba kidirisha kidogo cheusi cha kuwekea kidole kimezungushiwa ukingo mwembamba wa chuma. Wengi hudhani ni pambo. Ukingo huo umewekwa ili chaji iliyo mwilini mwa mtu iufikie kabla haijafika kwenye kidirisha chenyewe, ipite humo na kushuka ardhini. Ukiunganishwa vizuri, mashine hudumu miaka. Ukiachwa bila waya, unabaki chuma kitupu, na asubuhi moja ya kiangazi mfanyakazi wa kwanza kufika ataweka kidole, atashtuka kidogo, na mashine haitamsoma yeye wala yeyote atakayefuata.

Nayaeleza haya kutoka Keringet, mji mdogo wa Kuresoi Kusini katika kaunti ya Nakuru, kwenye barabara inayotoka Molo kwenda Olenguruone. Mji huo uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwenye miinuko ya Mau. Wenyeji hulima viazi, chai, mahindi, kabichi na pareto, hufuga ng'ombe wa maziwa, na huvaa kama watu wanaoijua baridi: jaketi zito, sweta ndani yake, kofia ya marvini, gambuti miguuni. Kwa miezi mingi ya mwaka ni nchi ya ukungu na matope, na umeme tuli hauna makao penye unyevu, kwa kuwa maji ya hewani huacha utando mwembamba juu ya vitu na chaji hutoroka kupitia humo. Mtu akisema tatizo hili ni la Lodwar au la Dubai, ana sababu ya kusema hivyo.

Lakini mwaka una miezi yake. Januari na Februari upepo wa kaskazini mashariki huingia Bonde la Ufa ukiwa mkavu, vumbi la barabarani huchukua nafasi ya matope, na majani ya malishoni hubadilika rangi. Usiku baridi huwa kali. Hewa baridi hubeba mvuke kidogo sana. Ikishaingia ofisini na kupashwa joto na jiko la makaa, uwezo wake wa kubeba mvuke huongezeka ilhali mvuke wenyewe ni uleule, kwa hiyo hewa ile huwa kavu kuliko ilivyokuwa nje. Na humo ndani watu wamevaa flisi na nailoni, wamekalia viti vya plastiki, wamevaa viatu vya mpira. Kila kinachohitajika ili mwili ujae chaji kimo ndani ya chumba hicho.

Vitu viwili vikigusana kisha vikaachana, kimoja huondoka na elektroni za mwenzake. Wagiriki wa kale waliliona hilo kwenye kaharabu iliyosuguliwa kwa manyoya, nasi huliona tunapovua sweta gizani na cheche ndogo zikametameta mbele ya uso. Sufu na nailoni huachia elektroni kwa urahisi, poliesta huzichukua. Jaketi la flisi, ambalo ni poliesta, likivaliwa juu ya sweta ya sufu, kila mkono unapoinuka na kushuka chaji hutengana. Mtu akivua jaketi hilo, chaji ya aina moja huenda na nguo na ya aina ya pili hubaki mwilini mwake. Akiinuka ghafla kutoka kwenye kiti cha plastiki, hutokea vivyo hivyo. Gambuti hukamilisha kazi: mpira haupitishi umeme, hivyo chaji haina njia ya kushuka. Anayesimama pekupeku juu ya udongo wenye unyevu hana shida hii hata kidogo, ila hakuna atakayetembea pekupeku Keringet alfajiri ya Januari.

Kiasi cha volti hushangaza. Kutembea juu ya zulia katika hewa kavu sana kunaweza kuufikisha mwili volti 35,000, na katika hewa yenye unyevu mwingi mwendo uleule ukatoa volti 1,500 tu. Volti hizo haziui mtu kwa sababu chaji yenyewe ni kidogo mno. Mwili wa binadamu huhifadhi chaji kama kapasita ya takriban pikofaradi 100. Ukijaa hadi volti 10,000, nishati yote iliyomo ni milijuli 5. Binadamu hahisi cheche iliyo chini ya volti 3,000 hivi, na hatari imejificha papo hapo. Tabaka la kuhami lililo ndani ya transista za kisasa lina unene wa nanomita chache, na huvunjika kwa takriban volti moja kwa kila nanomita. Karani anayeshika mashine iliyofunguliwa, au fundi anayeitengeneza, anaweza kuitoboa bila kuhisi chochote, bila kusikia mlio, bila kuona mwanga.

Kasi ya cheche nayo inafaa kueleweka, kwa sababu ndiyo inayofanya kinga nyingi zinazouzwa madukani zisisaidie hapa. Watengenezaji hupima uvumilivu wa vifaa kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 61000-4-2. Kipimo hicho huiga mkono wa mtu kwa bunduki yenye kapasita ya pikofaradi 150 na rezista ya omu 330. Bunduki hiyo ikigusa kifaa kwa volti 8,000, mkondo hupanda hadi ampea 30 ndani ya takriban nanosekunde moja, na sehemu kubwa ya chaji imekwisha kabla ya nanosekunde 200 kupita. Fyuzi haiwezi kuwahi, kwa maana fyuzi huhitaji muda wa kuyeyuka. Stabilaiza na UPS zinalinda mashine na umeme unaokuja kwa waya kutoka nguzoni. Cheche inayotoka kidoleni haipiti huko.

Keringet ina jambo moja zaidi ambalo watu wa pwani hawana. Hewa yenyewe ni kizuizi cha cheche, na kadiri ilivyo nyembamba ndivyo inavyoruhusu cheche kuruka mbali zaidi. Friedrich Paschen alieleza uhusiano huo mwaka 1889. Kwenye mwinuko wa mita 2,400 shinikizo la hewa limepungua kwa karibu robo likilinganishwa na la Mombasa, kwa hiyo mtu yuleyule, mwenye volti zilezile, cheche yake itavuka pengo kubwa zaidi huku Mau kuliko pwani. Nafasi za usalama zinazoachwa kati ya sehemu za ndani za vifaa vya umeme huhesabiwa, katika viwango vya kimataifa, kwa matumizi ya hadi mita 2,000. Juu ya hapo zinatakiwa kuongezwa. Keringet, Molo na Olenguruone zote ziko juu ya mstari huo. Mashine iliyonunuliwa Nairobi, ambako mwinuko ni mita 1,700 hivi, inapopandishwa hadi hapa imevuka mpaka ambao aliyeiuza pengine hakuufikiria.

Sasa kitambuzi chenyewe, yaani kile kidirisha kinachosoma kidole. Aina inayopatikana kwenye simu nyingi na kwenye mashine nyingi ndogo hutumia kapasita. Ni kipande cha silikoni chenye safu za vibao vidogo vya chuma, kila kimoja kikiwa na upana wa maikromita 50 hivi. Mojawapo ya vitambuzi vilivyowahi kutumiwa sana kwenye simu kilikuwa na vibao 192 kwa 192, yaani 36,864 ndani ya mraba wa chini ya sentimita moja kila upande. Ngozi ya kidole ina matuta na mabonde. Tuta likikaribia kibao, uwezo wa kibao kuhifadhi chaji hubadilika kidogo, na penye bonde hubadilika kwa kiasi kingine. Mashine husoma tofauti hizo moja moja na kuchora picha. Tofauti ni ndogo sana, ndiyo maana kinachofunika vibao lazima kiwe chembamba sana. Ukikifanya kinene, picha hufifia.

Hapo ndipo kitambuzi kinapotofautiana na kila kipande kingine cha elektroniki ndani ya nyumba. Bodi ya redio tunaificha ndani ya kasha la plastiki, na hakuna atakayeigusa mpaka iharibike. Kitambuzi kazi yake ni kuguswa, mara mamia kwa siku, na watu ambao hakuna anayejua wamevaa nini wala wamekaa wapi. Silikoni tupu karibu na kidole kilichobeba volti 8,000: ni ajabu kwamba vinadumu, na vinadumu kwa sababu wahandisi walifikiria ukingo wa chuma, diodi za kinga na tabaka gumu la juu. Mimi huwaheshimu sana watu waliofanya kazi hiyo.

Vitambuzi vya mwanga ni hadithi nyingine. Humo kidole hukaa juu ya kioo kinene cha prizimu, taa humulika kutoka chini, na kamera ndogo hupiga picha. Kamera iko mbali na ngozi, na kioo hakipitishi umeme, kwa hiyo cheche ya kidole haina mahali rahisi pa kuingilia isipokuwa pembezoni mwa kasha na kwenye waya wa USB. Vitambuzi vikubwa vya usajili, vile vya kuweka vidole vinne pamoja, aghalabu ni vya aina hii. Ni vizito, hula umeme zaidi, na huchafuka kwa utomvu wa chai na vumbi, lakini hustahimili cheche.

Madhara hayatokei kwa namna moja. Mara nyingine mashine huganda tu: skrini inabaki na saa ya asubuhi, haisikii kitu, ukiizima na kuiwasha inarudi kama kawaida. Hapo hakuna kilichotoboka. Cheche ilivuruga hesabu tu. Mara nyingine picha ya kidole hutokea na mstari mweusi wima usioondoka, kwa sababu safu nzima ya vibao imekufa. Hali inayosumbua zaidi ni ya tatu, ya jeraha lisiloonekana. Tabaka la kuhami limeharibika kiasi lakini halijakatika, kitambuzi kinaendelea kufanya kazi, kinachoka polepole, kinakataa watu wawili leo na watano wiki ijayo. Hakuna tarehe ya kuharibika. Hakuna mtu aliyeona cheche. Na kwa kuwa hakuna aliyeona, lawama hutafuta pa kukaa.

Hukaa kwa mwenye kidole. "Kidole chako hakisomi," karani husema, na kila mtu kwenye foleni huamini, kwa sababu sababu iko tayari mikononi mwa mtu huyo. Mchuma chai ana ncha za vidole zilizosuguliwa na majani na kupakwa utomvu. Anayechimba viazi ana ngozi iliyopasuka kwa udongo na baridi. Mzee wa miaka 75 ana matuta yaliyolala kwa umri. Ni kweli kwamba vidole vya namna hiyo husomeka kwa shida hata kwenye mashine nzima. Jambo hilo linajulikana popote palipo na wakulima na vibarua. Lakini ukweli huo umekuwa pazia. Nyuma yake hujificha mashine zilizokufa nusu, na mtu aliyesomwa vizuri mwezi uliopita anaambiwa apake mafuta, anawe, afute, ajaribu kidole kingine, arudi kesho.

Kurudi kesho ni gharama. Kibarua asiyesomwa langoni anaweza kukosa malipo ya siku hiyo. Tangu 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya bima ya NHIF, mgonjwa anaweza kutakiwa kutambuliwa kwa kidole kabla ya gharama zake kulipwa, na mama aliyetoka kijijini na mtoto mwenye homa hana nafasi ya kusubiri fundi kutoka Nakuru. Wazee wa miaka 70 na zaidi wanaopokea Sh2,000 kwa mwezi za mpango wa serikali wa Inua Jamii wamewahi kutakiwa kuthibitisha kwa kidole kwamba ni wao. Nauli ya matatu ya kurudi mara ya pili hukatwa kutoka kwenye fedha hizohizo. Ninaposema kitambuzi kilindwe, ninawafikiria hao kwanza na mashine baadaye.

Nchi hii imezoea kutambua watu kwa vidole tangu zamani. Sheria ya kusajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume wa miaka 16 na zaidi alibeba kipande chenye alama za vidole na habari za kazi yake, ndani ya mkebe wa chuma ulioning'inia shingoni. Kwenye mashamba ya walowezi wa Molo na Nakuru, mtu asiye na kipande alikuwa mkosaji. Mfumo wa kupanga alama hizo ulikuwa umebuniwa Bengal mwishoni mwa karne ya 19, chini ya Edward Henry, na sehemu kubwa ya kazi ikafanywa na Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Kipande kilikuwa kifaa cha uonevu, na sikitamani. Ila wino na karatasi havikuuawa na sweta ya mtu, na kidole kilichofanya kazi ngumu kiliweza kupigwa tena na tena mpaka alama ikatoka. Mzigo wa uthibitisho haukuwahi kuwekwa kwenye kipande cha silikoni chenye unene wa kucha.

Basi tufanye nini? Tuanze na ukingo. Wajenzi wa miteremko ya Mau huchimba mfereji upande wa juu wa nyumba ili maji ya mvua yashike njia hiyo kabla ya kufika mlangoni, na ukingo wa chuma wa kitambuzi hufanya vivyo hivyo kwa chaji. Mfereji usio na pa kutokea hujaa na kufurika. Ukingo usioshuka ardhini hujaa na kurusha cheche kwenye kitambuzi.

Tatizo kubwa la huku ni kwamba mashine nyingi ndogo hupata umeme kupitia adapta ya volti 12 yenye pini mbili. Pini mbili maana yake hakuna athi, yaani njia ya umeme kushuka ardhini. Mashine hupigiliwa kwenye ukuta wa mbao au wa mabati yaliyoshikiliwa na mbao, na mbao kavu ya Februari haipitishi chochote. Kasha lote linaelea. Chaji ikiingia kwenye ukingo huzunguka ndani ya bodi ikitafuta pa kutokea, na hutokea penye udhaifu. Dawa ni waya mmoja. Baadhi ya mashine za ukutani zina skrubu ya athi nyuma, karibu na mahali pa kuunganishia nyaya, na mara nyingi skrubu hiyo haijawahi kuguswa tangu mashine itoke kiwandani. Fundi umeme mwenye kibali aunganishe waya wa kijani na manjano kutoka hapo hadi kwenye athi ya jengo, au hadi kwenye fito ya shaba iliyozamishwa ardhini. Udongo mwekundu wa miinuko hii ni wa kina na hushika unyevu chini hata juu kukiwa na vumbi, kwa hiyo fito iende chini vya kutosha. Iliyoishia kwenye tabaka la juu hufanya kazi vizuri mwezi wa Mei na kushindwa mwezi wa Februari, wakati inapohitajika. Bomba la maji la plastiki halifai kuwa athi, hata likionekana limezama vizuri.

Hatua ya pili ni kumpokonya mtu chaji kabla hajafika kwenye mashine. Weka bamba dogo la chuma kando ya mashine, kwenye kimo cha mkono, liunganishwe na athi kupitia rezista ya megaomu 1. Rezista hiyo ni muhimu kwa sababu mbili: chaji hushuka taratibu bila kumchoma mtu, na umeme wa nyumba ukikosea njia siku moja hautamuua anayeligusa. Andika juu yake kwa herufi kubwa: GUSA HAPA KWANZA. Watu wataligusa wakielezwa sababu, na wakizoea hawatahitaji kuelezwa tena. Panapokosekana bamba, kugusa kwa kiganja kizima mhimili wa chuma wa lango uliosimikwa ardhini hutosha. Kiganja ni bora kuliko ncha ya kidole kwa kuwa cheche husambaa na haiumi.

Tableti na mashine za kubebwa hazina athi, na mtu hawezi kuzifungia fito. Hapo anayezishika ndiye sehemu ya njia. Afisa anayezunguka vijijini ashike kasha la kifaa kwa mkono mmoja huku akimgusa mwananchi, kwa mfano kumwongoza kidole, kabla kidole hakijatua. Miili miwili hulingana volti, na kinachobaki kurukia kitambuzi ni kidogo sana. Kile ambacho hakifai ni kukiweka kifaa juu ya kiti cha plastiki, kumwita mtu aliyetoka kuvua jaketi, na kumwacha apige kidole kutoka mbali. Kidole kinachokaribia taratibu na kutua kikiwa bapa nacho ni bora kuliko ncha inayochoma kwa haraka.

Usafi huua vitambuzi vingi, na huniuma zaidi kwa sababu anayeua alikuwa anajali. Karani mwema hufuta kidirisha kwa kitambaa kikavu cha nailoni, au kwa mkono wa sweta yake, mara ishirini kwa siku. Huko ndiko kusugua kwenyewe. Kitambaa kiwe cha pamba, kiwe na unyevunyevu kidogo, na mashine iwe imezimwa. Wengine hutumia utepe wa selotepu kunyanyua uchafu; wengine hubandua kwa kishindo ile karatasi ya plastiki inayokuja juu ya kitambuzi kipya. Mwaka 2008 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha kwamba kubandua utepe wa kawaida ndani ya ombwe hutenganisha chaji kwa nguvu kiasi cha kutoa miali ya eksirei, na wakaitumia miali hiyo kupiga picha ya mfupa wa kidole. Ofisini hakuna ombwe na hakuna eksirei, lakini utengano wa chaji upo. Plastiki ibanduliwe polepole, mkono mwingine ukiwa umeshika kasha.

Kwa mafundi maneno ni machache. Kitambuzi cha kubadilisha kisafirishwe ndani ya mfuko wa kijivu unaong'aa uliokuja nacho, na plastiki ya kawaida ya mapovu isikiguse. Fundi avae mkanda wa mkononi wenye rezista ya megaomu 1 uliounganishwa na athi, avue flisi yake mlangoni kabla ya kukaribia meza, na akimaliza ahakikishe kwa mita kwamba ukingo wa chuma umerudi kuungana na bodi. Chemchemi ndogo au kipande cha bati kinachofanya muungano huo hudondoka mashine inapofunguliwa, kinaonekana kama takataka, na hutupwa. Mashine hiyo itawaka, itasoma vidole siku nzima, na itakufa kiangazi kikifika.

Radi ni jambo jingine ingawa chanzo ni kimoja. Ndani ya wingu chembe za barafu hugongana na vidonge vya mvua ya mawe, na chaji hutengana, kama kwa flisi na sufu. Jirani yetu Kericho imewahi kurekodi siku 132 za mvua ya mawe katika mwaka mmoja, na wakulima wa chai wanajua mawingu hayo hutembea na ngurumo. Radi huingia kwa nyaya za umeme na za mtandao, kwa hiyo mawingu yakijikusanya alasiri chomoa adapta na waya wa mtandao. Bamba la chuma la langoni halitasaidia hapo.

Anayenunua aulize muuzaji mambo mawili: mashine ilipimwa kwa kiwango gani cha IEC 61000-4-2, kwa kugusa na kwa hewa, na kitambuzi ni cha kapasita au cha mwanga. Volti 8,000 kwa kugusa na 15,000 kwa hewa ni kiwango cha nne, na sioni sababu ya kukubali pungufu ya hapo kwa mashine ya mahali pa baridi na gambuti. Kitambuzi kikibadilishwa kutoka aina moja hadi nyingine, watu waandikishwe upya, kwa sababu picha za aina mbili hazifanani vya kutosha na wenye vidole vilivyochakaa ndio watakaokataliwa kwanza.

Na kuwe na daftari. Sheria ya Uchaguzi ya Kenya, kifungu cha 44A, inadai kuwepo kwa njia ya ziada ya kumtambua mpiga kura teknolojia ikishindwa, na katika uchaguzi wa 9 Agosti 2022 tume ya uchaguzi iliruhusu sajili ya karatasi katika vituo 238 vya Kakamega na Makueni ambako vifaa vya KIEMS vya kutambua wapiga kura vilikataa. Sikitaji kisa hicho kwa sababu ya cheche. Nakitaja kwa sababu kama haki ya kupiga kura mara moja kwa miaka mitano imewekewa karatasi pembeni, mshahara wa kila siku na matibabu ya mtoto vinastahili hiyo karatasi pia. Daftari liwe na saa, jina, kidole kilichojaribiwa na kama kilisomeka. Baada ya wiki kadhaa lisomwe. Wakikataliwa watu wawili walewale kila siku, ngozi zao zinahitaji msaada: waandikishwe kidole kingine, au wapewe namba ya siri. Wakikataliwa watu kumi na watano asubuhi moja ya Februari, na wote walisomwa jana yake, mashine ndiyo iliyoumia. Iondolewe ukutani, aitwe fundi, na siku hiyo watu walipwe kwa daftari.